Bendera Nyekundu ya Botrange



Mashariki ya Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ujerumani, iko nyika iliyoinuka kuliko ardhi yote ya nchi ile. Wenyeji wasemao Kifaransa huiita Hautes Fagnes, na wasemao Kijerumani huiita Hohes Venn. Kilele chake, Botrange, kina mita 694 kutoka usawa wa bahari, na kwetu sisi tulio na mlima unaopita mita 5,000 hicho ni kichuguu. Wabelgiji wenyewe wanalijua hilo. Mwaka 1923 walijenga pale kijilima cha mita 6 chenye ngazi, ili mwenye kukipanda apate kusema kwamba amefika mita 700. Cheka ukitaka, wao pia hucheka. Lakini nyika hiyo, pamoja na udogo wake, imewaua watu waliodhani ni uwanja wa matembezi, na siku hizi vijana huikata kwa baiskeli. Miongoni mwa vijana hao yumo binti yetu.

Neno nyika nimelitumia kwa kukosa jingine lililo karibu zaidi. Nyika tuijuayo sisi ni kavu, ina miiba na vumbi; ile ni nyika iliyolowa. Mvua huinyeshea kama milimita 1,400 kwa mwaka, ilhali Mombasa, pamoja na masika yake yote, hupata elfu moja na kidogo. Na maji hayo hayana haraka ya kuondoka. Huzuiwa na mmea mdogo laini, mfano wa mwani unaotanda juu ya nchi kavu, uitwao kuvumwani, ambao huweza kushika maji hadi mara 20 ya uzito wake ukiwa mkavu. Sehemu yake ya chini ikifa haiozi, kwa kuwa maji yameizuia hewa isiingie. Hulala tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa udongo mweusi wa mboji. Mboji hiyo huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, na mahali pengine kina chake kinafika mita 7. Mwenye kupenda hesabu na apige mwenyewe ajue anakanyaga miaka mingapi.

Ama mpwa wangu, yeye ni mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Aachen, upande wa Ujerumani, naye hukaa Eupen, mji mdogo wa Ubelgiji ulio chini ya nyika hiyo. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo mfupi, na wengi huvuka mpaka kila siku kama sisi tunavyovuka kivuko cha Likoni, tena bila ya foleni. Alipomweleza mama yake kwamba yeye na wanafunzi wenzake watatu, wote wasichana, wamenunua baiskeli na wanapanda nyikani kila Jumamosi, dada yangu hakulala. Nami nilikuwa na safari ya Brussels kuhudhuria nikahi ya jamaa. Akanipigia simu usiku.

“Ndugu yangu, wewe ndiwe mjomba wake. Kamwambie aache. Mtoto wa kike, pori, na baiskeli!”

Nikamjibu kuwa nitakwenda nione kwanza. Akanyamaza, na kwetu kunyamaza kwa dada mkubwa si kukubali.

Nawaandikia haya kwa sababu dada yangu si peke yake. Barua zinazoletwa katika safu hii na mama zetu wenye watoto ughaibuni aghalabu zina swali hilo hilo ndani yake, hata kama baiskeli haikutajwa: mtoto yuko mbali, anafanya jambo ambalo sisi hatukulifanya, mahali ambapo hatukupaona, tumkataze au tumwachie?

Kwanza tuijue baiskeli yenyewe. Huitwa baiskeli ya changarawe. Kwa mbali utaidhani ni ile ya mashindano ya lami, kwa kuwa usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Ukisogea utaiona tofauti. Tairi zake ni pana, milimita 40 au 45, na hazijazwi upepo mpaka zikawa ngumu kama jiwe; huachwa na ulaini kidogo ili tairi ibonyee juu ya kokoto badala ya kurushwa nayo. Gia zake ni nyepesi, za kupandia mlima. Haina uzito wa zile baiskeli nyeusi za wauza mikate wetu, wala haina uimara wao, nasema haki. Mchezo huu ulipata umaarufu Marekani, katika jimbo la Kansas, ambako mashindano juu ya njia za mawe za mashambani yalianza mwaka 2006. Kenya nayo imeupokea: tangu 2021 kuna mashindano ya siku nne katika nchi ya Wamaasai karibu na Mara. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa mstari wa mbele kuufungua mlango huo kwa vijana wetu, alifariki Agosti 2022 katika jimbo la Vermont kwa ajali akiwa mashindanoni. Habari hiyo dada yangu alikuwa ameihifadhi, na alinisomea kwenye simu kana kwamba sikuwa nikiijua.

Nilifika Eupen mwezi wa Aprili, jua kali kwa kadiri ya nchi ile, anga safi. Nilidhani hiyo ndiyo siku ya kupanda. Wasichana walikuwa wamekwisha kujaza upepo na kufunga chupa za maji. Mpwa wangu akaangalia simu yake, akaweka baiskeli ukutani, akasema, “Mjomba, leo hatwendi. Bendera ziko juu.”

Nyika ile ni hifadhi tangu mwaka 1957, na ukubwa wake ni zaidi ya hekta 4,000. Hatari ya moto inapozidi, walinzi hupandisha bendera nyekundu kwenye milango ya njia, na hapo sehemu za hifadhi zilizo wazi kwa umma hufungwa zote, kwa mwenye miguu na mwenye magurudumu. Nilistaajabu kusikia kwamba mahali palipolowa vile paweza kuungua. Lakini majira mabaya kwa moto si kiangazi cha kati, ni mwanzo wa majira ya kuchipua. Nyasi ndefu za mwaka uliopita zimekufa kwa baridi, zimekauka na kugeuka rangi ya mkeka, na mpya hazijaota. Siku nne za jua na upepo wa mashariki zatosha. Tarehe 25 Aprili 2011 moto ulianza namna hiyo ukala zaidi ya hekta 1,000. Na moto ukiingia katika mboji yenyewe hauonekani. Hutambaa chini kama kaa ndani ya jivu, ukatokeza mbali na pale ulipozimwa.

Mmoja wa wale wasichana hakuridhika. Alisema ipo njia ya nyuma, kupitia msituni, isiyo na mlinzi, na siku yenyewe ilikuwa nzuri mno kupotezwa. Walizungumza Kijerumani, nami sikijui, lakini ubishi wa vijana hauhitaji mkalimani. Mpwa wangu hakuinua sauti. Alisema maneno machache, akavua helmeti, akaingia ndani kuchemsha chai. Wale wengine wakasimama kidogo, kisha mmoja baada ya mwingine wakaingia. Baadaye nilimwuliza alisema nini. “Nilimwambia sisi wanne tukipita, mtu wa tano ataona alama za tairi zetu.”

Siku mbili mvua ikanyesha, nyembamba, ya kuchosha, na ya tatu bendera zikashushwa.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Sifichi kwamba baiskeli niliyokodi mimi ilikuwa na mota ndogo ya umeme ya kusaidia miguu; umri una haki zake. Tulipita kando ya bwawa kubwa la Eupen, lililofunguliwa mwaka 1950, na hapo nikaiona nyika kabla ya kuifikia, kwa kuwa vijito vinavyoingia bwawani vina rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Hayo ndiyo maji yaliyolala ndani ya mboji. Si machafu, yamebeba rangi ya majani, na huwa na ukali kidogo mfano wa maji ya ndimu. Miji ya bondeni hunywa maji ya mabwawa hayo baada ya kusafishwa, na zamani viwanda vya sufi vya Verviers viliyapenda kwa kuoshea sufi, maana hayana chokaa.

Kutoka bwawani njia inapanda ndani ya msitu uitwao Hertogenwald. Ni barabara ya kokoto iliyoshindiliwa, pana ya kutosha lori la magogo, na baiskeli zile ndipo zilipoonyesha kazi yake. Wasichana walinifundisha kwamba juu ya kokoto hufungi breki ya mbele kwa ghafla, huukazi mkono, na mbele ya kona unapunguza mwendo kabla, si ndani yake. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba. Unaandika namba zako kwenye karatasi, tatu au nne, ukafuata moja hadi nyingine, bila ya ramani. Mtindo huu ulianza mwaka 1995 katika jimbo la Limburg, nchini humo humo, na aliyeubuni alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe. Chini ya ardhi, njia panda hazina mti wala nyumba ya kukumbukia, hivyo hupewa namba.

Miti ya msitu ule inastahili neno. Ni jamii ya misonobari, imesimama kwa mistari kama askari wa gwaride, na chini yake giza. Haikujiotea. Baada ya mwaka 1815, wafalme wa Ulaya walipogawana nchi, upande wa mashariki wa nyika ulipewa Prussia. Maofisa wa Prussia waliiona nyika ni ardhi ya bure isiyozaa kitu, wakachimba mifereji kuikausha na kupanda miti ya mbao. Ubelgiji nayo ikafuata mtindo huo upande wake. Mifereji ilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Julai 2021 mvua kubwa ilipomwagika, bonde la mto Vesdre lililo chini ya nyika hiyo lilifurika, Verviers na Pepinster zikabomolewa mitaa, na takriban watu 40 wakafariki nchini Ubelgiji. Mvua ile ilikuwa ya ajabu, na nyika peke yake isingeweza kuimeza. Hata hivyo, tangu siku hiyo watu wa bondeni wameacha kuuliza mlima unazaa nini na wameanza kuuliza mlima unashika nini.

Tulipotoka msituni tukaingia uwazini, na upepo ukatupokea. Hapana mti. Nyasi za rangi ya mkeka mpaka upeo wa macho, vidimbwi vyeusi vinavyong'aa, na kimya ambacho sijakisikia ila baharini upepo ukianguka. Baadhi ya vidimbwi vile ni vya mviringo na vina ukingo kama sahani. Ni alama za vilima vya barafu vilivyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Nilitamani kusogea. Hapo ndipo baiskeli iliposimama.

Ndani ya hifadhi baiskeli hairuhusiwi ila kwenye njia zilizowekewa alama kwa ajili yake, na zilizo nyingi hupita kando kando ya nyika, si katikati. Katikati hupitwa kwa miguu, juu ya njia nyembamba za mbao zilizoinuliwa juu ya matope. Sehemu nyingine huingii ila pamoja na kiongozi aliyeidhinishwa, na nyingine huingii kabisa. Mwenye baiskeli ya elfu kadhaa, yenye tairi zilizotengenezwa kupita popote, huambiwa ashuke. Nilimwuliza mpwa wangu kama hilo haliwaudhi. Akanipeleka pembeni ya njia na kunionyesha ufa mmoja mrefu katika kuvumwani, upana wa vidole viwili, umejaa maji yanayokwenda.

“Huyu alipita mara moja tu, Mjomba.”

Kuvumwani haina mizizi ya kujishika. Gurudumu likiikata, mkato hubaki, na maji hayakawii kuuona. Mkato wa gurudumu unakuwa mfereji mdogo, mdogo unavuta wa pili, na mahali palipokuwa pamelowa kwa maelfu ya miaka panaanza kukauka. Mboji ikikauka huingiwa na hewa, ikaoza, na kaboni iliyokuwa imefungiwa humo hupanda angani. Ardhi za mboji ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, nazo zimehifadhi kaboni zaidi ya miti ya misitu yote. Na hapa nawapa kisa cha pembeni. Ubelgiji huyo huyo aliitawala Kongo kama koloni lake tangu 1908 hadi 1960, akahesabu shaba yake na mpira wake. Lakini ukubwa wa ardhi ya mboji iliyolala katika bonde la kati la mto Kongo haukuwekwa kwenye ramani mpaka mwaka 2017, nao ni kama kilomita za mraba 145,000. Hivyo nyika hii waliyoipanda ngazi ya mita 6 ni kipande kidogo cha jambo kubwa mno.

Tukala mkate wetu Baraque Michel, nyumba ya wageni iliyoanza kama kibanda cha mtu mmoja mwanzoni mwa karne ya 19. Karibu yake kuna kanisa dogo lililojengwa kati ya 1830 na 1831, lenye kitaa juu ya paa. Nilidhani ni pambo. Kumbe taa ile iliwashwa usiku wa ukungu na theluji, na kengele ikapigwa kibandani, ili aliyepotea nyikani asiyeona chochote apate upande wa kuelekea. Watu wengi walifika hapo wakiwa nusu wafu, wakifuata sauti. Ukungu wa kule hauji kama wetu wa alfajiri unaoondoka jua likichomoza. Huanguka adhuhuri, ghafla, na baada ya dakika chache hujui ulikotoka. Na kwa kuwa kila upande ni nyasi zile zile, mwenye kupotea huzunguka.

Si mbali na hapo, kwenye jiwe la mpaka wa zamani lenye herufi B upande mmoja kwa Ubelgiji na P upande wa pili kwa Prussia, upo msalaba wa mbao wa wachumba wawili. Mwanamume aliitwa François Reiff, mwanamke Marie Solheid. Januari 1871 walitoka Jalhay kwenda Xhoffraix, kijiji cha kwao mwanamke, ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya Prussia, kutafuta karatasi za kuwawezesha kuoana. Walikatazwa kwa sababu ya theluji, wakaenda. Maiti zao zilipatikana mwezi Machi theluji ilipoyeyuka, kila mmoja mahali pake, mbali na mwenziwe. Katika nguo za Marie kulikuwa na kijikaratasi ambacho François alikiandika kwamba Marie amekwisha kufa na yeye yuko njiani kumfuata. Nilisoma maelezo yake nikakaa kimya. Karatasi walizokuwa wakizifuata, kila mmoja wetu aliyeozesha anajua uzito wake.

Mpwa wangu alinikuta pale. Aliniambia kwamba kila anapoleta mwenzake mpya nyikani humfikisha kwanza kwenye msalaba huo, kabla ya kumwonyesha kitu kingine chochote. Nikajua kwamba sina la kumkataza. Hofu ya mama yake ilikuwa juu ya watu wabaya na mifupa kuvunjika. Hayo yapo duniani kote, hata Kibokoni. Ila hatari ya mahali pale hasa ni baridi, ukungu na moto, na binti alizijua zote tatu kwa majina yake.

Kutoka hapo tulipanda Botrange, nikapanda na ngazi zile, nikafika mita 700 pamoja na watalii wengine. Chini yake upande mmoja msitu ulikuwa umekatwa na ardhi iko wazi, visiki vimebaki, na mifereji ya zamani imezibwa kwa kuta za udongo. Kati ya 2007 na 2012 Umoja wa Ulaya na Ubelgiji waligharimia kazi kubwa ya kung'oa misonobari na kuziba mifereji ile ambayo babu zao walilipa kuichimba. Nyuma ya kuta hizo maji yamesimama tena, na juu ya maji nikaona kijani kibichi cha kuvumwani kikianza kutanda. Kazi nyingine ni ya ndege mmoja wa jamii ya kwale, dume lake jeusi lenye mkia uliopinda kama kinubi, ambaye ndiye alama ya hifadhi. Idadi yake ilikuwa imeporomoka mpaka wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole, na tangu 2017 huletwa wengine kutoka Sweden na kufunguliwa pale. Madume hukutana alfajiri ya majira ya kuchipua mahali pamoja kuchezea majike. Mtu akiwakurupusha asubuhi mbili tatu, huenda mwaka ule ukapita bila ya vifaranga. Hiyo ni sababu nyingine ya vizuizi, na sikumwona ndege huyo, wala sikutafuta kumwona.

Tukateremka hadi Sourbrodt na kurudi kwa njia ya reli ya zamani iitwayo Vennbahn, ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli ya kilomita 125 kutoka Aachen hadi kaskazini ya Luxembourg. Ni tambarare, ya lami kwa sehemu kubwa, na familia nzima huipita, mtoto kwenye kigari nyuma ya baba. Kwa mama mwenye kutaka kuanza, hapo ndipo pa kuanzia, si nyikani.

Nilimpigia dada yangu usiku ule. Sikumweleza habari za mboji. Nilimweleza habari za bendera: kwamba siku ya jua, hapana mlinzi, wenzake wanamvuta, na mjomba wake mgeni amekaa tayari, binti aliiweka baiskeli ukutani. Dada akauliza, “Wewe ulimwambia aiweke?” Nikasema hapana, nilikuwa nafunga kamba za viatu. Akanyamaza tena, muda mrefu, kisha akauliza kama sweta aliyompelekea inatosha au atafute nyingine.

Sweta haitoshi, nami nimejifunza mambo ya mavazi ambayo huenda yakawafaa wengine. Nguo ya kwanza mwilini iwe ya sufi nyembamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho huganda baridi juu ya ngozi. Koti jepesi la mvua liwe mfukoni hata kukiwa na jua. Kanzu na baibui haziendi na cheni. Binti zetu kule huvaa suruali pana iliyobanwa kwenye kifundo cha mguu, na juu yake vazi refu hadi magotini lenye mpasuo wa pembeni. Hijabu iwe ya kitambaa chembamba kinachonyooka, bila ya pini juu na bila ya fundo la nywele nyuma, la sivyo helmeti haikai sawa na ikianguka haimlindi mtu. Filimbi shingoni. Taa hata mchana. Na mtu wa nyumbani aachiwe namba za njia panda zilizopangwa na saa ya kurudi.

Nilipokuwa ndani ya ndege nikirudi, niliikumbuka nyika yetu wenyewe. Juu ya Nyandarua, penye zaidi ya mita 3,000, kuna uwazi wa nyasi na vidimbwi unaofanana na ule, na kutoka huko na Mlima Kenya ndiko mto Tana unakoanzia, ukateremka hadi Garsen na kumwagika baharini Kipini. Mchele wa mashamba ya Tana na samaki wa mdomo wake tumekula sote. Februari 2022 moto uliingia katika nyika hiyo ya Nyandarua, na huku pwani sisi tulizungumza habari za joto tu. Vijana wetu wa Mombasa na Malindi wanaonunua baiskeli hizi, nao wapo, siku moja watapanda huko. Na wazazi watakaoniandikia, nitawauliza kwanza kama kijana ameuliza lango limefunguliwa au limefungwa.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea katika maswali yenu ya mirathi tuliyoyaacha njiani, tukianza na lile la mama wa Majengo kuhusu nyumba ya shirika.